Mgongo wa Fundi Mlingoti

Fundi makochi mmoja aliitwa Mlingoti kwa sababu mbili. Alikuwa mrefu, na hakuwa mtu wa kuinama. Akikutana na watu njiani, salamu yake ilikuwa kuinua kidevu tu. Baba mkwe wake alilalamika miaka mingi kwamba kijana huyu anamsalimia kama tajiri anavyomsalimia bawabu. Mkewe, msusi mwenye saluni ndogo ubavuni mwa karakana, alichoka kumtetea. Alisema mumewe hana kiburi, ana shingo ndefu tu.

Asubuhi moja kochi la watu watatu lilikuwa tayari kupelekwa kwa mwenyewe. Springi mpya, sponji mpya, kitambaa kimevutwa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akimsaidia kazi, alimwomba asubiri amalize chai walibebe pamoja. Fundi akasema kochi alilolitengeneza mwenyewe haliwezi kumshinda. Akapinda kiuno, akalikamata chini, akalinyanyua huku akijizungusha kuelekea mlangoni.

Kochi liliondoka chini kidogo. Halafu kitu kikamkamata kiunoni. Aliliachia, akataka kunyooka, mgongo ukakataa. Akabaki amejikunja, anatazama viatu vyake, kama mtu aliyeangusha sindano.

Wakati huohuo baba mkwe akaingia. Alikuwa amekuja kumjulia hali binti yake. Akamkuta mkwe wake ameinama mbele yake kama ambavyo hajawahi kuinama.

"Shikamoo, baba," fundi alisema, bado ameinama.

Mzee alisogea karibu. Macho yalimlowa. Aliitikia marahaba kwa sauti nzito, akamwekea mkono begani, akamwambia yaliyopita si ndwele.

"Inuka sasa, mwanangu. Imetosha."

"Siwezi, baba."

"Najua. Kuomba radhi ni kuzito."

"Baba, ni kiuno."

Msusi alitoka saluni, mikono imejaa mafuta ya nywele, akamweleza babake ukweli. Mzee aliingiwa na unyonge kidogo. Lakini alisema marahaba ikishatoka hairudi, akaaga akaenda zake.

Sasa ikaja zamu ya shemeji. Huyu alikuwa ametazama video nyingi kwenye simu yake, za watu wanaonyooshwa migongo mpaka inalia. Alimhakikishia fundi kwamba kazi ile ni rahisi, ni kubana tu na kusukuma. Fundi, kwa sababu ya maumivu, akakubali. Alilala kifudifudi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Shemeji akapanda juu, akaweka viganja kiunoni, akavuta pumzi, akasukuma kwa nguvu zake zote.

Kulisikika mlio mkubwa: kwaa!

Fundi alipiga kelele kwamba amevunjika, watoto wake watunzwe. Shemeji naye akaanza kulia. Msusi alikuja mbio, akawakuta wote wawili chini. Kilichovunjika ni mguu wa meza.

Mgongo haukuvunjika, lakini maumivu yalizidi. Na tangu hapo fundi hakutaka kusikia habari ya mtu yeyote kuugusa. Alilala kitandani, akasema atabaki hapo mpaka apone mwenyewe au Mungu aamue. Kazi zikasimama. Mwenye kochi akawa anapita kuuliza, na shemeji akawa anajificha nyuma ya sponji.

Msusi alikuwa na mteja ambaye naye aliwahi kuumwa mgongo. Mteja huyo alimweleza kuhusu mama mmoja tabibu wa uti wa mgongo. Tabibu huyo hutibu viungo na misuli kwa mikono, bila kisu. Tiba hiyo huitwa kiropraktiki. Msusi hakumpeleka mumewe papo hapo. Alitangulia mwenyewe kuuliza kama tabibu amesomea kazi hiyo na kama ana leseni. Tabibu hakukasirika. Alisema laiti kila mgonjwa angeuliza hivyo, kisha akamwonyesha leseni yake ukutani.

Kesho yake fundi alipelekwa akiwa amejikunja vilevile. Aliingia chumbani akiwa na sharti: asiguswe. Tabibu akasema hakuna tatizo, kwanza wazungumze. Akamuuliza maumivu yalianzaje. Akamuuliza kama alianguka, kama ana homa, kama anakonda bila sababu, kama ana ugonjwa wa mifupa au aliwahi kuugua saratani. Fundi alijibu hapana kila mara. Ndipo lilipokuja swali ambalo hakulitegemea.

"Mkojo unatoka vizuri? Na choo, unaweza kukizuia?"

Fundi alimtazama mkewe, kisha akaitazama dari, kadiri shingo ilivyomruhusu.

"Daktari, mimi naumwa mgongo. Mbona umehamia upande mwingine?"

"Si upande mwingine," tabibu alisema. "Mishipa ya fahamu ya miguu, ya kibofu na ya haja kubwa yote inapita mgongoni. Mtu akiumwa mgongo, halafu mkojo ukagoma au ukamtoka wenyewe, au akafa ganzi katikati ya mapaja, au miguu ikalegea, mimi simgusi. Anakwenda hospitali saa hiyohiyo. Akichelewa anaweza kubaki hivyo maisha yake yote."

Fundi akajibu, kwa sauti ndogo, kwamba huko kote kuko salama.

Tabibu alimpima. Aligonga magoti kwa kinyundo kidogo, akamwambia asukume kwa miguu, akapapasa kiuno pole pole. Akasema mifupa haijatoka mahali pake. Misuli na viungo vya kiuno vimeshtuka kwa kubeba mzigo huku mwili umejipinda. Hata picha haihitajiki kwa sasa. Maumivu ya namna hii mara nyingi hupungua yenyewe katika wiki chache. Mikono yake inaweza kusaidia nafuu ije, na mgonjwa naye ana kazi yake ya kufanya.

Hapo fundi akalitoa lililokuwa likimkaa moyoni. Aliuliza kuhusu ule mlio.

"Ule si mfupa kuvunjika," tabibu alisema. "Ndani ya kiungo kuna ute. Kiungo kikivutwa ghafla, hewa iliyomo kwenye ute hufanya mlio, kama vidole unavyoviliza. Mlio usiposikika pia si kitu. Na usipoutaka, nina njia nyingine za pole pole."

Fundi alichagua pole pole.

Msusi naye alikuwa na maswali yake. Aliuliza kama itauma. Aliambiwa mumewe anaweza kuhisi uchovu na maumivu kidogo siku moja au mbili, kisha yapite. Aliuliza kama watalazimika kuja maisha yote. Tabibu akasema watakuja mara chache, kisha watapima pamoja kama kuna nafuu. Isipokuwepo, atawaelekeza kwingine. Aliuliza kama tiba hii inashusha presha, maana babake anayo. Tabibu akacheka. Akasema mzee aendelee na dawa zake, na anayeahidi kutibu kila ugonjwa kupitia mgongo akimbiwe.

Mwisho tabibu akauliza nani aliyempanda fundi mgongoni. Fundi alitaja shemeji na zile video. Tabibu alikunja uso. Alisema kusukumwa na asiyesomea kunaweza kuumiza, na shingo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ina mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Hata yeye huwa mwangalifu sana nayo.

Fundi alirudi nyumbani na mazoezi ya kufanya. Aliambiwa asilale kutwa, bali atembee kidogo kidogo. Alitembea mtaani akiwa bado amejipinda. Majirani walimwitikia kwa furaha kubwa, na wengine wakauliza kama ameokoka. Siku zilivyopita, kiuno kililegea. Akarudi karakanani. Kochi lililochelewa lilibebwa na watu wawili, magoti yamekunjwa, mzigo karibu na kifua, na shemeji akitoa amri kama nahodha.

Miezi ilipita. Siku moja baba mkwe alikuja tena, anatembea kwa kuvuta miguu. Alikuwa ameumwa mgongo tangu juzi. Alikuwa amesikia kwamba mkwe wake sasa ni mjuzi wa migongo, akaja amkande kimya kimya bila kumsumbua binti. Akajilaza kwenye kochi.

Fundi alisimama palepale. Hakumgusa. Alijua swali analotakiwa kuuliza, na alijua kwamba mkwe hamuulizi mkwewe jambo kama lile. Alijifanya anapanga misumari. Mwishowe alifumba macho.

"Baba, unisamehe. Mkojo unatoka?"

Shemeji aliangusha mkasi. Mzee aliinua kichwa taratibu, akamtazama mkwe wake. Fundi alisubiri kufukuzwa kwenye ukoo. Lakini mzee alirudisha kichwa chini, akageukia ukutani.

"Tangu jana hautoki," alisema. "Na hapa ninapokalia, sihisi kitu. Nilidhani ni uzee."

Fundi hakungoja. Alimwita mkewe, shemeji akakimbia kutafuta gari, na mzee akafikishwa hospitali kabla chai ya karakanani haijapoa. Madaktari walikuta kitu kimeikandamiza mishipa ya fahamu ya mgongo. Walimpasua siku hiyohiyo. Walisema kama angekandwa nyumbani na kuchelewa, huenda miguu isingerudi.

Miguu ilirudi. Mkojo nao ulirudi, na nesi aliyeutangaza wodini alipigiwa makofi na wagonjwa wote.

Ndugu na marafiki walipokuja kumtazama, mzee aliwasimulia yote, bila kuficha. Mmoja wao alishangaa kwamba kijana alithubutu kumuuliza mkwewe neno kama lile.

"Mkwe wangu hana haya hata kidogo," mzee alisema, akijiweka sawa kwenye mto. "Mungu amzidishie."