Barua Iliyorudi Saa Nne

Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga cherehani, Bi Vifungo hufungua kompyuta. Siku hizi wateja humtumia vipimo kwa barua pepe. Kompyuta yenyewe imekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya mkasi na lile kopo la vifungo lililompa jina.

Alikuwa na mbinu yake. Barua ya kazi aliitazama kichwa tu, akaiacha bila kuifungua. Barua isiyofunguliwa huonekana kwa herufi nzito, na herufi nzito ndizo zilizomkumbusha kazi. Mbinu si mbaya, ila anwani ile waliitumia wawili. Mumewe, ambaye ndiye mkataji wa vitambaa, haoni barua imefungwa akavumilia. Ataifungua, ataisoma nusu, ataenda zake. Herufi zinakuwa nyembamba, kisha barua inazama chini ya matangazo ya viatu aliyoyaomba mwenyewe.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, simu ililia. Alikuwa karani wa chuo cha wauguzi.

"Mama, tulikuandikia wiki iliyopita. Tunataka sare sitini za mahafali. Usipojibu barua yetu kufikia saa sita mchana, tunampa fundi mwingine."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupokelewa. Bi Vifungo aliikimbilia kompyuta. Kwa miaka mitatu alikuwa akiiwinda kazi ya chuo kile.

"Kuna barua ilitoka chuoni?" akamuuliza mumewe.

Mume akakuna kichwa. "Ilikuwepo. Niliifungua. Nikajua umeshaiona."

"Ningeionaje, baba, na wewe umeshaifungua?"

Barua zilikuwa elfu nne na ushei. Wakaanza kuzipitia moja moja kuelekea chini, mume jasho linamtoka. Hapo ndipo jirani yao alipoingia kuchukua sketi yake. Jirani huyu, aliyekuwa likizo siku hizo, ni mhazili wa ofisi ya maji, na barua ndiyo kazi yake kutwa.

"Nimefuata sketi, nakuta watu wamenuna," alisema. Akaelezwa. Akavuta kigoda. "Shoga, mtashuka mpaka kesho. Hapa juu pana sehemu ya kutafuta. Andika neno moja tu: wauguzi."

Bi Vifungo akaandika. Barua ikatokea. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Saa tano na nusu jibu lilikuwa limeondoka, na picha za sare alizowahi kushona. Chuo kikajibu: uamuzi Jumatatu.

"Sasa tuzuie lisitokee tena," mhazili alisema. "Kivinjari, hii programu unayofungulia mtandao, kinaweza kuongezewa vifaa vidogo. Huitwa viendelezi. Ni kama cherehani yako: mashine ni ile ile, unabadilisha mguu tu, unashona zipu."

Hilo Bi Vifungo alilielewa mara moja.

Mume akanyoosha kidole kwenye tangazo lililokuwa likimetameta. "Hiki hapa. Kinasema kitaipa kompyuta kasi, bure."

"Usikiguse, shemeji. Soma kinachoomba: kuona kila kitu unachofanya mtandaoni. Nani humpa mpita njia funguo za nyumba? Chukua kiendelezi kwenye duka rasmi la kivinjari chako. Angalia aliyekitengeneza, soma watumiaji wanasemaje, kisha angalia kinaomba ruhusa gani. Kikiomba kuliko kazi yake, achana nacho."

Wakachagua viwili tu. Cha kwanza kiliweka namba pembeni ya kivinjari kuonyesha barua mpya. Cha pili kilikuwa cha kuahirisha: unaichagua barua, unataja siku na saa, nayo inaondoka machoni na kurudi juu kabisa wakati huo, hata kama ilishafunguliwa. Unaweza pia kuibandikia maneno yako.

"Matangazo ya viatu hayahitaji kifaa," mhazili aliongeza. "Chini ya kila tangazo pana neno 'jiondoe'. Bonyeza, shemeji."

Shemeji akabonyeza. Mkono ulikuwa mzito, lakini alibonyeza yote kumi na tisa.

Jumatatu Bi Vifungo aliamkia kwa mteja kumpima. Aliporudi, saa nne kasoro dakika tano, alimkuta mumewe amekazana kukata mikono ya mashati, amempa mgongo. Akaketi mbele ya kompyuta. Hakukuwa na barua ya chuo. Akaangalia tena.

Saa nne kamili barua ikajitokeza juu kabisa. Ilikuwa imeshafunguliwa. Juu yake palibandikwa maneno: "Soma ukiwa umekaa, mke wangu."

Chuo kilikuwa kimemchagua. Sare sitini, na za mwaka ujao pia.

Aliisoma mara mbili. Kisha akageuka. "Uliijua tangu lini?"

"Tangu saa moja. Nikaiahirisha mpaka saa uliyosema utarudi." Mumewe aliweka mkasi chini, uso umejaa tabasamu. "Nimekata mikono kumi na minne nimeuma ulimi."

Bi Vifungo alicheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Halafu akajitundikia tepu ya vipimo shingoni, akavuta kitambaa cheupe, na cherehani ikaanza kunguruma.