Aliyerudi Kwenye Bonde la Mvuke

Mlima uliporomoka nyuma yao saa nne asubuhi. Lucina Magloire alisikia kwanza miti ikikatika huko juu, kisha akasikia ardhi ikinguruma chini ya buti zake. Alipogeuka, njia waliyoipita dakika kumi zilizopita haikuwepo. Palikuwa na udongo mwekundu unaotembea, mawe makubwa kama ng'ombe, na miti iliyokuja nao ikiwa imesimama wima, kama abiria. Vyote viliingia mtoni kwa kishindo, na mto ukapanda.

"Mungu wangu," alisema mgeni wake. "Sasa tunarudije?"

"Haturudi. Ondoka hapo ukingoni. Haraka!"

Kipande alichokuwa amesimama juu yake kilikatika na kwenda mara tu alipokiacha.

Mvua ilikuwa imezidi. Lucina alijua kosa ni lake. Kwenye kivuko cha kwanza, alfajiri, maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kila mwongozaji wa Dominica anajua kwamba mto ukibadilika rangi, juu kunanyesha. Unageuza watu wako na kwenda nyumbani. Yeye hakugeuza. Huyu mgeni, mwanamume wa miaka hamsini hivi kutoka Barbados, mwenye ndevu za mvi na kofia iliyofunika nusu ya uso, alikuwa amemwomba kwa jina. Alimtaka Lucina Magloire, si mwingine. Kwa miaka miwili hakuna aliyemwomba kwa jina. Wageni walioambiwa wataongozwa na Magloire walinong'onezwa jambo hotelini, wakabadilisha siku. Kwa hiyo huyu aliposema, "Dada, ndege yangu ni kesho, tujaribu tu," Lucina alitazama yale maji ya chai, akavuka.

Sasa njia ilikuwa moja tu: kulikata Bonde la Mvuke, kupanda mgongo wa mlima ng'ambo ya pili, kisha kushuka kwa njia ya zamani ya wawindaji hadi mtoni upande wa kijiji.

Bondeni kwenyewe hakuoti kitu. Mawe yake ni ya njano na kijivu, vijito vyake vinachemka, na chini ya udongo kuna maji ya moto yanayotafuta pa kutokea. Siku ya jua unaona unakokwenda. Siku ya mvua mvuke haupandi, unalala chini, na mtu haoni magoti yake.

"Nisikilize vizuri, Bwana Everard," Lucina alisema. Hilo ndilo jina aliloliandika mgeni kitabuni asubuhi. "Kanyaga nilipokanyaga mimi. Jiwe la kahawia lenye maji, sawa. Udongo mweupe uliokauka juu, usiuguse, hata kama unaonekana mgumu. Huo ni gamba tu. Ukisikia chini panatatarika kama mafuta ya kukaangia, simama, uniite. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Maji unayo?"

"Yamekwisha."

"Mimi nina chupa moja. Usiyanywe ya hapa, yatakutapisha."

Waliingia. Harufu ya kiberiti iliwashika kooni. Lucina alitangulia akipima ardhi kwa fimbo yake, akigonga, akisikiliza, akisogea hatua moja. Kulia kwao kitu kilitokota. Mara mbili alilazimika kurudi nyuma na kuanza upya. Walipofika katikati alisimama, akafuta uso, akajaribu kukumbuka jiwe fulani lililopaswa kuwa mbele yao.

"Si tupite huku kulia?" mgeni aliuliza. "Tufuate kamba ya njano."

Lucina hakugeuka.

"Kamba gani?"

"Ile... nilidhani kuna kamba."

"Ipo. Ipo kushoto. Kulia ilikuwapo miaka miwili iliyopita, na iling'olewa wiki aliyozikwa kaka yangu." Sasa aligeuka. "Vua kofia."

Yule mtu alisita, akavua. Mvua ikampiga kipara. Lucina alikuwa amemwona mara moja tu, kutoka benchi la nyuma kwenye chumba cha uchunguzi wa kifo cha kaka yake, akiwa amenyoa ndevu na amevaa suti. Ndevu hazikuweza kuficha macho.

"Winfield Challenor," Lucina alisema.

"Everard ni jina langu la pili. Halikuwa la uongo."

"Haya. Si la uongo."

"Nilitaka kukwambia, dada. Natafuta nafasi tangu asubuhi. Nilikuomba wewe kwa sababu hiyo."

"Usiniite dada."

Kaka yake aliitwa Hesketh. Aliongoza watu Bondeni miaka kumi na tisa bila kumpoteza hata mmoja. Siku ile mgeni aitwaye Challenor aliiruka kamba ya kuzuia watu ili apigwe picha karibu na bwawa linalochemka. Hesketh alimwita mara tatu. Gamba likaanza kupasuka, Challenor akaganda pale pale kwa woga, na Hesketh akajilaza kwa tumbo, akatambaa hadi kwake, akamsukuma nje. Gamba likampasukia yeye. Aliingia hadi kiunoni. Aliishi siku nne, na ndani ya siku hizo alimsimulia dada yake yote kwa midomo iliyokauka.

Lakini Challenor aliwaambia wachunguzi kwamba Hesketh mwenyewe ndiye aliyemvusha kamba, kwa kujionyesha. Neno la mtu aliyeona lilizidi neno la dada wa marehemu. Ripoti iliandikwa: uzembe wa mwongozaji. Mama yao akaacha kwenda kanisani, kwa sababu benchi alilokaa lilikuwa linabaki tupu pande zote mbili.

"Tembea," Lucina alisema.

"Lucina, naomba..."

"Nimesema tembea."

Alitangulia tena, sasa kwa mwendo wa kasi. Hakugonga kwa sauti. Hakunyoosha mkono kuonyesha jiwe. Ardhi aliijua kwa miguu yake, na alipita juu yake akiwa na kitu kifuani kilichokuwa moto kuliko Bonde. Miaka miwili alikuwa akimuwazia huyu mtu. Alimuwazia akipotea baharini, alimuwazia akiumwa na kukosa wa kumfariji. Hakuwahi kuwaza kwamba ataletewa mpaka hapa, peke yake, akihema nyuma yake, akimtegemea kwa kila hatua.

Walifika kwenye kijito cha moto. Lucina akavuka juu ya mawe mawili ya kahawia, akageuka kutazama. Challenor aliliogopa jiwe la pili, lilikuwa na utelezi. Akatafuta pengine. Pembeni palikuwa na ukingo mweupe, mkavu, unaoonekana kama sakafu ya saruji. Akainua buti.

Neno "simama" lilikuwa tayari mdomoni mwa Lucina. Alilihisi kwenye ulimi.

Akalimeza.

Gamba lilivunjika kwa mlio mdogo tu, mlio wa mkate mkavu. Mguu wa kulia ukazama hadi chini ya goti. Kwa muda wa pumzi moja hakukuwa na sauti yoyote, kisha Challenor akapiga ukelele uliogonga mlima na kurudi. Alianguka mbele, akashika mawe, akajaribu kujivuta. Kila akivuta, ukingo ulizidi kumeguka.

Lucina alisimama akimtazama. Kama angesimama muda wa pumzi tatu zaidi, mguu wa pili ungeingia. Hilo alilijua kabisa, na alilisema baadaye bila kulipamba.

Kisha akajilaza kwa tumbo juu ya jiwe, akanyoosha fimbo.

"Shika! Usisimame! Lala chini, lala kama mjusi! Shika!"

Alimvuta hadi mwamba wa kahawia. Akatoa kisu, akakata kamba za buti, akalivua kabla mguu haujavimba. Soksi ilikuwa imegandamana na ngozi. Aliiacha.

"Maji!" Challenor alilia. "Nimiminie maji, Lucina! Naungua!"

Lucina alikuwa na chupa mkononi, imejaa. Akaifungua. Akaishikilia.

"Sema."

"Nini? Nini?"

"Nani alivuka kamba?"

"Mimi! Mimi nilivuka!"

"Alikuita?"

"Aliniita! Aliniita, nikamcheka!" Alikuwa akigugumiza, kamasi zimechanganyika na mvua. "Nilisema ni yeye kwa sababu ningeaibika. Nina watoto, nilikuwa na jina kazini. Amekwisha kufa, nikasema, haimdhuru. Mimina! Kwa ajili ya Mungu, mimina!"

Alimimina. Alimimina taratibu, kutoka goti hadi kidole, mpaka tone la mwisho. Alijua kwamba chupa moja haitoshi. Mguu ulioungua unataka maji ya baridi yanayotiririka, kwa muda mrefu, na kijito baridi cha karibu kilikuwa juu kwenye mgongo wa mlima. Akageuza mgongo wake.

"Panda."

"Huwezi kunibeba."

"Nimesema panda, mzembe wewe! Ukikanyaga tena hapa tutakuzika kwa kijiko."

Alimbeba nje ya Bonde. Aliteleza mara nyingi, akaanguka kwa magoti mara mbili, na kila alipoanguka alihakikisha mguu ule haugusi chini. Kwenye kupanda alimwacha atambae, yeye akimvuta kwa mkanda wa mkoba. Ilikaribia saa saba walipofika kijitoni. Alimkalisha juu ya jiwe, akautumbukiza mguu kwenye maji baridi, akaushikilia humo kwa mikono miwili ili asiutoe. Ngozi ilikuwa imepanda malengelenge ukubwa wa yai. Challenor alianza kutetemeka mwili mzima. Lucina akavua koti lake la mvua akamfunika.

"Kwa nini umerudi?" aliuliza baada ya kitambo.

"Silali. Namsikia ananiita. Mara tatu, kila..."

"Nyamaza. Sauti hiyo usinipe. Hiyo ni yangu."

Maji yalipita juu ya mguu wa Challenor na mikono ya Lucina.

"Umenisamehe?" Challenor aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijakusamehe. Nakutoa hapa kwa sababu ukifa, maneno yako yanakufa na wewe, na mimi ndiye nitakayebaki nayo tena peke yangu. Utafika ukiwa hai. Utasema. Baada ya hapo ukitaka kufa, kafie kwenu."

Aliufunika mguu kwa mfuko safi wa plastiki aliokuwa amefungia mikate yake ya kukaanga, akaufunga juu juu bila kuukaza. Wakaigawana ile mikate. Wakashuka.

Njia ya wawindaji ilikuwa imejaa miti iliyoanguka. Walikwenda wakikaa kitako, wakijiburuta, Lucina chini na Challenor juu yake, na kila hatua Lucina alisema kwa sauti: "Mzizi, huo ni imara. Jiwe, hilo linacheza, liache. Mkono wako wa kushoto, hapo." Hakuacha hata hatua moja bila kuisema. Alisema mpaka sauti ikakauka.

Kufikia saa kumi na moja mto ulikuwa umeanza kupungua, ingawa bado ulipita kwa kelele. Lucina akapiga filimbi mapigo matatu, akapumzika, akapiga tena. Ng'ambo walijibu. Walikuwa wanaume wanane, wanakijiji na askari wa hifadhi, na mbele yao Garnet Titre, mkuu wa askari, aliyeisoma ile ripoti hadharani kwa sauti yake mwenyewe. Wakatupa kamba, wakaikaza kwenye miti, wakavuka na machela.

"Lucina! Mzima?"

"Mzima. Huyu kaungua mguu. Subirini, msimlaze kwanza. Ana neno."

Titre alishangaa. "Neno gani? Mtu anatetemeka."

"Bwana Challenor," Lucina alisema, "sema."

Titre alilisikia jina hilo, akamtazama mgeni usoni, na midomo yake ikabaki wazi. Challenor alisimama kwa mguu mmoja, ameshikiliwa mabega na watu asiowajua, akasema yote. Hakuyafupisha. Aliposema "nikamcheka," mmoja wa wale wanaume, aliyelibeba jeneza la Hesketh, alimwachia bega na kwenda kusimama mtoni, amewapa mgongo.

Titre akatoa daftari lake lililolowa, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. "Nitayaandika hayo. Nitayasoma pale pale nilipoyasoma yale. Na mguu? Umeunguaje?"

"Nilikanyaga mwenyewe," Challenor alisema upesi. "Aliniambia nisikanyage peupe. Nikakanyaga."

Ilikuwa kweli, na ingeweza kuishia hapo. Lucina alimwona Challenor akimtazama. Alikuwa akimpa kitu, na yeye hakutaka kupewa kitu na mtu huyu.

"Andika na hili," alimwambia Titre. "Asubuhi mto ulikuwa umebadilika rangi, nikavuka. Na alipokuwa anakanyaga, nilimwona. Nilikuwa na nafasi ya kusema simama. Sikusema."

"Lucina, umechoka. Hujui unachosema."

"Najua. Andika."

Titre aliandika. Kwa maneno hayo Lucina alikuja kunyang'anywa ruhusa ya kuongoza watu, na hakukata rufaa.

Jioni hiyo mama yake alikuwa mlangoni. Habari zilikuwa zimeshafika kabla yake, kama kawaida ya kijiji.

"Amesema?"

"Amesema, Mama."

"Watu wamesikia?"

"Wanane. Na Titre ameandika."

Mama alishika mwimo wa mlango, akafumba macho, akayafumbua. Kisha akavuta kiti, akamvutia Lucina kingine.

"Kaa. Wanasema ameungua. Ulikuwepo. Niambie alivyolia. Nimengoja miaka miwili, nataka nisikie alivyolia."

Lucina alikaa. Tope lilikuwa limemkaukia hadi shingoni. Alitafuta namna ya kumpa mama yake kile alichokuwa anakingoja, kwa sababu njia nzima, hata alipokuwa amembeba, alijua kwamba angeulizwa.

"Alilia kama mtu, Mama," alisema. "Kama mtu yeyote. Nilidhani yeye atalia vingine."