Kiti cha Pili cha Lori

Jumanne, saa kumi jioni

Nyuma ya duka la vioo kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Kaka alitandaza ramani juu ya meza ya kukatia, akapanga vipande tisa vya kioo kando ya barabara ya kiwandani. Kila kipande, taa moja.

"Huyu ni mdogo wangu," alimwambia Baunsa, pande la mtu lililoletwa siku hiyo kwa ajili ya bunduki. Mkono wa Kaka ulikuwa begani kwa Fundi. Kisha akaelekeza kidevu mlangoni. "Na yule ni dereva."

Yule dereva ni Gia. Mdogo wake wa tumbo moja.

Gia alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole akaona haya kulalamika. Miaka kumi na miwili amemwendesha Kaka. Risasi ilipomvunja Kaka mguu wa kushoto, nani alimtoa pale? Leo amezuka kijana wa kompyuta, shati limepigwa pasi, ndiye mdogo. Wivu ulimjaa Gia.

Fundi alikuwa na kazi yake halali, kwenye kituo cha kuongozea magari. Taa za mji ule zina macho. Kamera zinahesabu magari, mashine inaamua nani asimame, nani apite. Fundi alieleza taratibu, kwa upole, na upole wenyewe ukamchefua Gia.

"Gari linalobeba dhahabu linafika taa ya nne saa nne na robo. Nalizuia kwa nyekundu. Nyuma yake nafunga taa ya tatu, linabaki peke yake. Mna dakika tatu. Halafu kuna hiki." Akaweka mezani kisanduku cheusi, kidogo kuliko kipande cha sabuni. "Magari ya wagonjwa yote yanacho. Kinaziambia taa kwamba mnakuja. Zinageuka kijani moja baada ya nyingine mpaka ya tisa. Ila dereva asizidi hamsini. Akikimbia, ataifikia taa kabla haijageuka."

"Sasa nafundishwa kuendesha," Gia alisema.

"Unafundishwa kusikiliza," Kaka alimjibu. Baunsa akacheka.

Baada ya taa ya tisa kulikuwa na ghala. Ndani ya ghala, lori. Baunsa angechukua chake hapo na kushika njia yake. Lori lingevuka mpaka kabla ya jua kuzama.

Walipotawanyika, Gia alibaki dukani akipanga vioo. Sauti ya Kaka, aliyebaki chumbani na Fundi, ikapenya ukutani.

"Lori lina viti viwili, mdogo wangu. Cha pili ni chako. Ukishatufungulia ya tisa, toka kwa mlango wa nyuma. Tutakupitia."

Gia alishika kioo mpaka kikamkata kiganja.

Jumatano, saa moja asubuhi

Kaka alikuwa na mwiko mmoja: siku ya kazi, simu zinabaki nyumbani. Gia aliuheshimu. Aliiacha simu yake chini ya godoro ikiwa na kazi ya kufanya.

Kwenye nguzo ya kila taa imepakwa namba ya malalamiko, taa ikiharibika utume ujumbe. Gia aliuandika wake na kuupangia muda wa kwenda wenyewe: "Fundi wenu wa zamu anachezea taa za barabara ya kiwandani. Mkamateni akiwa kitini."

Saa nne na dakika ishirini na tano. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Na ishirini na tatu wao wameshaingia ghalani. Na ishirini na tano Fundi ana pingu. Kiti kitupu kimepata mwenyewe.

Saa nne na dakika kumi na mbili

Walijibanza kando ya taa ya nne na gari la wagonjwa la kughushi. Kaka alikaa mbele, koti jeupe la daktari. Baunsa alilala nyuma, amefunikwa shuka. Redio ya mkononi ikakwaruza.

"Kaka, pana gari la wagonjwa la kweli taa ya pili," Fundi alisema. "Mashine yenyewe imelifungulia njia. La dhahabu limesimama kupisha."

"Mpaka lini?"

"Litachelewa dakika saba."

Gia alipiga hesabu upya. Saba juu ya robo ni ishirini na mbili. Jumlisha tatu za kazi. Simu iko chini ya godoro, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Tuahirishe, Kaka."

"Umeogopa?"

"Moyo wangu umekataa tu."

Ungamo lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Kaka akalirudisha ndani bila kujua.

"Mdogo wangu ameshika taa. Wewe shika usukani."

Gia akashika usukani.

Saa nne na dakika ishirini na mbili

Gari la dhahabu lilisimama kwenye nyekundu, peke yake. Baunsa alibandika bunduki kwenye kioo cha walinzi. Hawakubisha. Masanduku sita, mazito, mtu mzima anainama. Kaka alichechemea akihimiza.

Saa nne na dakika ishirini na tano

Wakaondoka. King'ora. Hamsini kamili. Taa ya tano, kijani. Ya sita, kijani. Magari yaliwapisha kwa adabu. Wakapanda daraja la juu, kuta huku na huku.

Redio. Sauti ya Fundi, chini kwa chini.

"Msimamizi anakuja na askari. Mtu kanichongea. Ya saba nimeshaipanga, itawafungukia. Mwambie Gia asizidi ham..."

Ikakatika.

Gia alikanyaga mafuta. Sabini. Tisini. Hata sasa hakutaka kuokolewa na yule. Akafika mwisho wa daraja mapema mno, taa ya saba ikiwa bado nyekundu, lori la mchanga limeziba njia mbele yake. Akafunga breki. Magari yakajaa nyuma. Kijani ya Fundi haikuja tena. Huko kituoni mtu alikuwa amezigeuza taa zote nyekundu, pande zote.

Baunsa alifungua mlango, akakimbia. Milio miwili ya risasi za askari ikasikika.

"Nani katuuza?" Kaka aliuliza.

Gia aliitazama mikono yake juu ya usukani.

"Nilitaka abaki yeye tu. Ulimpa kiti changu."

 Kaka akaupiga mguu wake wa kushoto kwa ngumi.

"Lori lina klachi, Gia. Nani angeikanyaga? Huu? Nilimpa mtoto wa watu maneno ili atufungulie taa. Tungempita pale nje bila hata kupunguza mwendo. Viti vilikuwa viwili. Changu na cha mdogo wangu."

Miaka yote, Gia hakuwahi kuisahau ile klachi. Aliisahau jana tu.

Askari wakawatoa, wakawalaza kifudifudi kwenye lami. Mmoja aliinama na daftari, akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Pua moja, paji moja. Huyu ni nani wako?"

Gia alinyanyua uso.

"Simjui," Kaka alisema. "Ni dereva tu."