Jivu kwenye Shina la Chethi

Kila asubuhi Vilasini alizoa jivu la jikoni na kwenda nalo nyuma ya nyumba. Alimwaga kidogo kwenye minazi, kidogo kwenye mchicha. Lililobaki lote alilimwaga chini ya chethi, kile kichaka cha maua mekundu kando ya kisima. Jivu ni mbolea, nani asiyejua?

Kichaka hicho alikipanda mama mkwe wake, Kunjikkavu, ambaye Vilasini alimwita Amma, yaani mama. Kila jioni bibi huyo alichuma vishada na kuviweka mbele ya taa ya sala.

Mwaka ule majani machanga yakawa ya njano, mishipa tu ikabaki kijani. Maua yakaadimika.

"Amma, mkono wako huo!" Vilasini alifoka. "Kila siku kuchuma, kuchuma! Kichaka kitapumua lini?"

"Ni ya Mungu, mwanangu."

"Mungu hajakutuma ukimalize. Kiache!"

Bibi alikiacha kweli. Akawa anawasha taa bila ua, kisha anakaa barazani. Mvua hazijakatika, akafariki.

Thankamani, jirani anayefanya kazi kwenye bustani ya miche, alikuja kutoa pole. Alipopita kisimani akasimama.

"We Vilasini, nani kamwaga jivu hapa?"

"Mimi. Si mbolea?"

"Kwa minazi, sawa. Chethi haitaki jivu wala chokaa. Inataka udongo wenye uchachu kidogo. Jivu likizidi, mizizi inashindwa kunyonya chakula, ndiyo maana majani yanapauka hivi."

"Na kuchuma je? Amma alichuma kila siku."

"Kuchuma kuna ubaya gani? Ukikata kishada, tawi linachipua mengine. Bibi wa watu alikuwa anakisaidia!"

Vilasini aliketi kwenye ukingo wa kisima. "Ole wangu! Nimemfokea bure." Akalia kwa sauti. Majuto ni mjukuu.

Siku ile ile waliparua udongo wenye jivu. Wakaweka udongo mpya uliochanganywa na samadi iliyooza, juu yake wakatandaza majani makavu. Jivu likabaki la minazi na mchicha.

Kichaka hakikupona haraka. Lakini mvua zilizofuata zilikikuta kijani, na baadaye kikawa chekundu kuanzia juu mpaka chini. Vilasini akachuma vishada, akaingia navyo ndani.

"Si ulikataza kuchuma?" mumewe Raghavan aliuliza.

"Nilikataza," alijibu. "Na Amma alinisikia."

Akaviweka mbele ya taa, kisha akaenda kukaa barazani, pale alipokuwa akikaa bibi.