Kwale wa Mahame

Asubuhi hiyo Shimba aliamka kama kawaida, akasukutua, akaipangusa bunduki yake kwa kitambaa chenye mafuta. Ilikuwa bunduki ndogo ya marisau, zile risasi za punje ndogo, ya mtutu mmoja, nyembamba hata wanakijiji wakaiita fimbo. Kwa kwale na kanga ilitosha. Zaidi ya hapo haikufaa kitu.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Operesheni ya vijiji iwashushe watu kutoka vilimani na kuwapanga barabarani, upande huu wa Bujora. Mvua zilikuwa zimegoma. Watu walikula ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na mkewe Teodora, aliyetoka kujifungua, kila akiuonja aliutapika. Maziwa yalikuwa yamemkauka. Mtoto wao mchanga, Kija, alilia mpaka sauti ikaisha, akabaki kufumbua mdomo tu.

"Nitakuletea supu," Shimba alimwambia mkewe.

Suzana, dada yake Teodora, aliyekuja kumuuguza, alimfuata hadi uani.

"Shemeji, usiende mahameni. Tulihamishwa bila kuwaaga waliolala kule."

Kutoka ndani Teodora akajibu kwa sauti nyembamba, "Mwache aende, dada. Nina njaa."

Akaenda.

Jua lilikuwa limepanda alipofika kwenye mahame ya kwao. Nyumba haikuwa na paa tena. Ua wa minyaa ulikuwa umejifunga wenyewe, na nyasi zilikuwa zimeyameza makaburi ya wazee wake. Juu ya jiwe alisimama kwale mmoja, jike, mnene ajabu kwa mwaka ule wa njaa. Hakukimbia. Alimtazama Shimba akisogea, kama mtu anayemngoja mgeni wake.

Shimba akafyatua.

Ndege aliangukia nyuma ya ukuta. Milio ya ndege wengine ikakatika. Upepo nao ukatulia.

Alizunguka ukuta. Kwale alikuwa anajikokota, mgongo umelowa damu. Shimba akamshika. Alikuwa wa moto. Moto kuliko ndege.

"Baba Kija."

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

"Baba Kija, niache."

Ilikuwa sauti ya Teodora. Ilikuwa karibu. Tangu utotoni Shimba aliambiwa kwamba wa mahameni wakikuita kwa sauti ya mtu wako, usiitike. Hakuitika. Alimnyonga yule ndege upesi, akamtia mkobani, akakaza kamba, akashuka.

Kilio alikisikia kabla hajaiona nyumba.

Teodora alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amefunikwa gubigubi. Suzana aliongea kwa kunong'ona, macho chini.

"Alikuwa ameketi juani. Akashika mgongo, akaanguka kifudifudi. Hatukusikia mlio wowote."

"Halafu?"

"Akaanza kutambaa. Alikuwa anakuita, shemeji. 'Baba Kija, niache.' Nikadhani ni homa. Halafu shingo..."

Akajishika shingoni.

Shimba akamgeuza mkewe. Gauni lilikuwa limetoboka mgongoni, vitundu vidogo vidogo kama punje za mtama.

Mgambo walikuja kuichukua bunduki. Walimuuliza alikuwa wapi, akawaambia ukweli wote, na kila neno lilizidi kumzamisha. Mwenyekiti wa kijiji akaamuru mkoba ufunguliwe, wamwone huyo ndege.

Shimba alishindwa kuifungua kamba. Suzana akamsaidia, akaingiza mkono.

Hapakuwa na ndege. Hata unyoya. Palikuwa na msuko mmoja wa nywele, umefungwa kwa uzi mwekundu. Bado ulikuwa na joto.

Suzana aliuangusha chini. Akaenda kwenye mkeka, akafunua kichwa cha mdogo wake. Nyuma ya sikio palikuwa peupe, msuko mmoja haupo.

"Nimemsuka leo," alinong'ona. "Uzi nimeuchomoa kwenye kitenge changu. Wewe ulikuwa umeshaondoka."