Mstari Mmoja Kwenye Kipimo cha Mahindi

Wifi yangu kaniuza.

Hilo ndilo neno la kwanza lililonijia nilipoinua kile kipimo kutoka kwenye meza yangu ya kazi. Shavu limevimba, pamba mdomoni, natoka kung'olewa jino. Na mkononi nimeshika stripu, kikaratasi chembamba cha kupimia, chenye mstari mmoja.

Mmoja...

Chini yake kulikuwa na fomu ya lori. Mwandiko wa wifi: YAPOKELEWE. Pembeni, muhuri wangu mimi.

Na nje, mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma.

Ngoja niwaeleze, maana nyie mnaosoma hapa wengi wenu unga mnaujua ukishakuwa kwenye mfuko.

Mimi ni mpimaji kwenye kinu cha mahindi. Lori likiingia getini halimwagi hata punje mpaka nitoe mahindi kidogo kwenye gunia hili na lile, niyachanganye, niyasage, niyatie kwenye dawa, nitikise, nisubiri yatulie. Kisha nachota matone ya maji ya juu, nasimamisha stripu humo, nahesabu dakika tano.

Natafuta sumukuvu. Sumu ya ukungu, inayoingia mahindi yakihifadhiwa mabichi au yakilala kwenye unyevu. Huioni. Huinusi. Moto wa jikoni hauiondoi. Ikiwa kidogo inakula ini taratibu, ikiwa nyingi inazika watu.

Kwenye stripu zangu, mistari miwili ni mahindi salama. Mstari mmoja ni sumu.

Shikeni hapo hapo.

Wifi ni mdogo wa mume wangu. Anashona midomo ya magunia pale pale kinuni, na kazi hiyo mimi ndiye niliyemwombea. Mpole, hana makuu. Ila mawifi tunajuana, tunapendana huku tunapimana.

Asubuhi hiyo jino lilikuwa limenitesa siku ya tatu. Sheria ya kinu inasema asiyesomea kupima haigusi meza ile. Kama mpimaji hayupo, malori yanasubiri. Lakini nilijua meneja akisikia malori yanasubiri jino langu, atanuna mwezi mzima.

Basi nikafanya ujanja. Nikampa wifi funguo na muhuri, nikamwelekeza kwa maneno machache, maana kila nikifungua mdomo hewa ilikuwa inachoma lile jino mpaka utosini.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, wifi. Nenda katibiwe."

Nikaondoka. Meneja sikumwambia.

Sasa nimerudi, saa nne na nusu, na nimeshika sumu mkononi.

Nikatoka mbio mpaka getini kwa mlinzi.

"Lori la nani hili?"

"Lipi?"

"Lililopokelewa!"

"Aah, la Tabasamu."



Tabasamu ni mchuuzi wa mahindi. Tumempa jina hilo kwa sababu anacheka hata ukimtukana. Mwaka jana aliniletea kuku wawili wamefungwa miguu, akasema ni salamu tu. Nikamwambia salamu zake zirudi nyumbani zikatage.

"Na wifi yangu alikuwa naye?"

"Walikaa pale kwenye benchi. Wakacheka sana. Mpaka jamaa akamwonyesha picha kwenye simu." Mlinzi akashusha sauti. "Na malori mawili mengine kayafukuza. Yule mzee wa kofia amelalamika hapa karibu alie."

Nikaunganisha mwenyewe. Kawafukuza wengine ili la Tabasamu lipite. Damu si damu, wifi ni wifi.

"Unga wa kwanza uko wapi?"

Mlinzi akanyoosha kidole barabarani.

"Pikapu imeshaondoka. Robo saa sasa. Magunia sita, ya shule ya bweni."

Jamani...

Shule ile ndiyo anayolala binti yangu. Miaka kumi na mitatu, mtoto wangu wa pekee. Mchana wanakula saa saba, na nilijua stoo yao iko tupu kwa sababu oda ile walikuwa wanaidai tangu juzi.

Nikampigia dereva wa pikapu. Simu ikaita.

Ikaita ndani, mezani kwa karani, dirisha likiwa wazi nyuma yangu. Kaiacha kwenye chaji.

Nikarudi ndani nakimbia, nikapiga kile kitufe chekundu cha mashine. Kinu kizima kikanyamaza. Watu wote wakageuka kunitazama, wafungaji, wapakiaji, karani. Meneja akatoka ofisini kalamu ikiwa mkononi.

Wifi alikuwa kwenye cherehani yake ya magunia. Akainua kichwa, akatabasamu.

"Wifi, umerudi? Jino vipi?"

Lile tabasamu ndilo lililonimaliza.

"Amekupa nini Tabasamu?"

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Nimekuuliza amekupa nini mpaka uwalishe sumu watoto wa watu?"

Akasimama. Uzi bado uko vidoleni.

"Wifi, mbona sikuelewi..."

"Mwanangu yuko shule ile! Mtoto wa kaka yako! Unamuuza kwa kuku?"

Alinitazama tu, machozi yakaanza kumjaa. Mimi nikasema moyoni, lia, lia vizuri, maana utalia zaidi polisi.

Meneja akaingia kati.

"Unga kwanza," alisema. "Maneno baadaye."

Kweli. Nikampigia mpishi mkuu wa shule. Akapokea mara ya tatu, nyuma yake masufuria yanagongana.

"Uthipike ule unga," nikasema.

"Nani?"

"Unga! Uthipike!"

"Nipike? Ndiyo, maji yako motoni tayari, pikapu ndiyo inaingia hapa."

Pamba! Ana kwa ana walikuwa wananielewa, kwenye simu wapi. Nikaitema sakafuni na damu yake, ganzi bado imeshika nusu ya ulimi. Nikavuta pumzi, nikatamka neno moja moja kama mtoto anayeanza kusoma.

"Usi. Guse. Unga. Una sumu."

Nikamsikia akipiga kelele, nadhani jiko zima lilisikia.

"Shusheni chini! Rudisheni garini! Asifungue mtu gunia!"

Nikakaa pale pale sakafuni. Magunia sita, hakuna lililofunguliwa. Watoto walikula maharage matupu mchana ule, na binti yangu alinilalamikia wiki nzima. Alalamike tu.

Nilipoinuka, meneja alikuwa amesimama kwenye meza yangu. Kapanga stripu zote za asubuhi kwa mstari, kila moja na fomu yake.

"Njoo uone kitu," akaniita. "Na wewe njoo," akamwambia wifi.

Lori la kwanza, la yule mzee wa kofia. Stripu ina mistari miwili, myekundu ya kupendeza. Fomu: YAKATALIWE.

Lori la pili. Mistari miwili. YAKATALIWE.

Lori la tatu, la Tabasamu. Mstari mmoja. YAPOKELEWE.

"Mtu aliyehongwa," meneja akasema polepole, "angepitisha baya na mazuri pia, lipotelee humo. Huyu kageuza yote. Sawasawa kabisa."

Akamgeukia wifi.

"Mama, nani alikufundisha kusoma hizi?"

Wifi akanitazama. Hakunyoosha kidole. Alisema kwa sauti ya chini, na mimi kila neno nililitambua kabla halijamtoka.

"Aliniambia usiogope, ni kama kile kipimo cha mimba tu."

Nyie... Ardhi ingepasuka ningeingia.

Ni kweli. Niliyasema. Nimeshika shavu, nina haraka, nikayasema yale maneno nikimaanisha unachovya, unasubiri, unatazama mistari.

"Sasa kwenye kipimo cha mimba," wifi akaendelea, "mistari miwili ni kitu kipo. Mstari mmoja ni hakuna kitu. Nikasema basi, mistari miwili sumu ipo. Mmoja, haipo."

Akafuta uso kwa kiganja.

"Mimi mstari mmoja naujua, wifi. Miaka sita nauona kila mwezi. Mstari mmoja maana yake hamna kitu. Nani atanifundisha mimi mstari mmoja?"

Karani aligeukia ukutani.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza dukani kununua vile vipimo mwaka wa kwanza. Halafu nikachoka kumsindikiza. Na nimemtupia neno lile lile asubuhi kana kwamba nampa pipi.

Meneja akauliza Tabasamu alikuwa anacheka nini naye. Wifi akasema alikuwa anamwonyesha picha za mjukuu wake mchanga.

"Nilicheka," akasema, "kwa sababu mtu akikuonyesha mtoto unacheka. Ungetaka nifanyeje?"

Sasa nisikilizeni, niwape kile ambacho ningempa wifi asubuhi kama ningekuwa na adabu ya kazi yangu.

Kwenye stripu kuna kingamwili, askari wadogo wasioonekana, wamepakwa rangi. Kazi yao ni kukamata sumukuvu. Pale kwenye mstari wa kipimo, kiwandani wamepaka chambo, kitu wanachokikamata kama wanavyokamata sumu yenyewe. Mahindi yakiwa salama, askari wanapanda na maji mikono mitupu, wakifika wanashika pale, rangi inajikusanya, mstari unaonekana.

Mahindi yakiwa na sumu, wameshaikamata njiani. Ni kama wewe unavyofika mlangoni umebeba ndoo mikono yote miwili, utashika kitasa kwa mkono gani? Wanapita. Mstari hautokei.

Ule mwingine wa juu ni wa kukuambia tu kwamba stripu ni nzima. Huo sharti uonekane. Usipoonekana, tupa, anza upya.

Kipimo cha mimba kimetengenezwa kinyume. Kule askari wakikamata ndipo mstari unatokea. Vipimo vinafanana, majibu yanapingana.

Dakika mbili. Nimewaeleza kwa dakika mbili, na sikuzitoa kwa ajili ya wifi yangu.

Barua ya onyo ilitoka jioni ile. Ina jina langu, si lake, na ni haki. Mahindi ya Tabasamu nikayapima tena mwenyewe mara tatu, mstari mmoja mara tatu. Yalizuiwa pamoja na unga wake wote. Hakuwa amemhonga mtu siku ile. Alikuja kubahatisha kama kawaida yake, akakuta mlango niliouacha wazi mimi. Mzee wa kofia tulimpigia, akarudi, akashusha mzigo bila kunisalimia. Lile lori lingine hatukulipata.

Kesho yake nilisimama karibu na kile kitufe chekundu, palepale nilipomdhalilisha, watu wote wapo.

"Jana nilimwita wifi yangu mla rushwa," nikasema. "Kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha vibaya, kisha nikamtukana kwa kunielewa."

Nikamgeukia. "Nisamehe, wifi."

"Nimesikia," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Hakusema amesamehe. Wiki tatu alinijibu salamu tu. Mume wangu akaniambia, "Hapo sikuingilii, umelikoroga mwenyewe, linywe."

Nikalinywa. Nikamwombea kwa meneja apelekwe mafunzo ya upimaji, ya kweli, ya siku tano, na nikakubali kushona magunia zamu zake zote mpaka amalize. Vidole vilinitoboka. Akafaulu.

Leo wapimaji tuko wawili. Juzi alikuja mgeni wa kujifunza, nikamwachia wifi amfundishe. Nikasimama mlangoni nasikiliza.

"Kwanza sahau kipimo kingine chochote unachokijua," alimwambia. "Hiki kina tabia zake. Sasa nirudishie kwa maneno yako, nisikie umeelewa nini."

Nirudishie kwa maneno yako. Mimi niliuliza "umeelewa?" nikaondoka.

Wewe unayemwachia mtu kazi leo, dawa ya mgonjwa, jiko, mtoto, gari, usimuulize kama ameelewa. Atasema ndiyo. Mwambie akurudishie. Na ukikuta kazi imeharibika, kabla hujamtafuta msaliti, kumbuka kwanza ulichosema mwenyewe wakati una haraka.

Mgeni alipoondoka, wifi alikuwa bado ameshika stripu dirishani, anaitazama kwenye mwanga. Mistari miwili.

"Salama?" nikamuuliza.

"Salama," akajibu. Kisha akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza tangu siku ile. "Unajua, wifi, angalau kuna mahali naiona miwili kila siku."

Nikamshika bega. Nje lori lilipiga honi, tukaenda wote kulipokea.