Silva ya Mzee Octavian

JUMATANO, SAA 10:20 JIONI. KIBAIGWA.

Chumba cha nyuma ya ghala la mahindi. Mlango umefungwa. Nje mashine ya kupukuchua inanguruma na madalali wanatukanana juu ya magunia. Hakuna wa kusikia.

Batholomeo alichora nyumba sakafuni kwa kipande cha mkaa.

"Geti hapa. Tangi la maji huku nyuma. Chumba cha kabati hiki, cha kulala hiki. Kule mlimani bomba limekauka, leo siku ya sita. Boza la maji likiingia kwa mzee, nani atauliza?"

"Hakuna," alisema Lameck. Yeye ndiye dereva. Hata siku za halali kazi yake ilikuwa hiyo, kuuza maji kwa boza Dodoma mjini.

"Pampu ikiwaka, hata ukivunja ukuta hausikiki. Dakika ishirini. Mzigo unaingia ndani ya boza, tunatoka kama tulivyoingia."

"Kwa hiyo boza liende kavu?"

"Kavu kama mfuko wako. Unataka kuulowesha mzigo?"

Wanaume wakacheka. Emiliana hakucheka.

Alifanya kazi za ndani katika nyumba ile miaka minne. Mzee Octavian alikuwa bosi mkubwa serikalini, akazunguka dunia kwa kodi za watu, akarudi na trei za silva ya zamani kutoka Meksiko: bangili, mikufu, vipini vya kifuani, vyote vimefuliwa kwa mkono. Nyuma ya kila kimoja kulikuwa na muhuri wa tai. Emiliana ndiye aliyevifuta vumbi. Alikatazwa kuving'arisha. "Weusi ulio ndani ya michoro ndiyo umri wake," mzee aliwaambia wageni, glasi mkononi. Alimjua kwa jina fundi wa Meksiko aliyekufa zamani. Lakini binti aliyempikia chai, mzee hakujua hata ametoka wapi, mpaka siku alipomtaja polisi.

Bangili moja, yenye umbo la chui, ilipotea. Mzee akanyoosha kidole. Emiliana akala miaka miwili jela. Aliomba nyumba ipekuliwe. Nani ampekue mzee? Kijijini kwao Busi, mama yake kwa aibu hajakanyaga gulioni tangu hukumu isomwe.

"Nataka kitu kimoja," alisema. "Bangili ya chui. Zilizobaki zote zenu."

"Si ulishaiiba, dada?" Lameck alichomekea.

Emiliana alimtazama mpaka akainamisha macho.

"Samahani, dada. Utani tu."

"Iko mle ndani. Yule hatupi kitu. Nikiipata, naipeleka kituoni naiweka mezani."

"Utaipata," alisema Batholomeo. Alijibu haraka mno.

ALHAMISI, SAA 4:05 ASUBUHI. DODOMA, MLIMANI.

Jua limeshakuwa kali. Boza lilipanda kilima, likapita ndoo tupu zilizopangwa kwenye vibaraza. Wanawake waliligeukia kama watu wanaomwona ndugu aliyepotea. Lameck aliwaona kwenye kioo.

Mlinzi hakuwepo. Batholomeo alitoa ufunguo mfukoni, akafungua geti.

"Huo umeupata wapi?" Emiliana aliuliza.

"Umekuja kazini au kwenye mahojiano?"

SAA 4:11.

Lameck akawasha pampu. Nyumba nzima ikatetemeka. Batholomeo akakata kufuli la kabati kwa mkasi wa nondo, akaanza kumimina trei ndani ya kiroba.

Emiliana aliokota mkufu, akaupima kiganjani. Mwepesi. Akaugeuza. Hapakuwa na tai. Akaokota kipini. Kiling'aa kila mahali, hata ndani ya michoro ambamo weusi ulipaswa kulala.

"Batho, hizi si zenyewe. Hizi bati."

"Tia kwenye kiroba."

"Zenyewe mzee ameshaziuza. Tunaiba takataka!"

"Nimesema tia! Wewe si una shida ya bangili? Haya, nenda chumbani ukaitafute. Dakika tano."

Alijua kuna kitu hakiko sawa. Lakini miaka miwili ilimsukuma mgongoni. Akaenda.

SAA 4:16.

Droo. Godoro. Masanduku. Hakuna. Akafungua kabati la viatu. Ndani ya kiatu cheusi cha kushoto, kipande cha chaki.

Emiliana alisimama kidogo. Chaki hunyonya unyevu, silva isiharibike. Yeye mwenyewe aliipanga kwenye kila trei, kila mwezi, miaka minne. Kwenye viatu haikuwa na kazi.

Akaingiza mkono. Akatoa kitu kizito. Chui amejikunja, macho ya jiwe la kijani, weusi mbavuni, tai mgongoni. Nyingine zote mzee alikuwa ameziuza kimyakimya. Hii asingeweza. Aliitangaza imeibwa.

Nyuma yake ufunguo ukazunguka mlangoni.

"Batho!"

Batholomeo alipita chini ya dirisha, simu sikioni, akipiga kelele kuishinda pampu: "Mzee, tayari. Ndiyo, yupo ndani. Waambie polisi mwizi wako wa zamani amerudi. Bima watakulipa, na mimi usinisahau."

Basi ndiyo hivyo. Jambazi na bosi walikuwa chungu kimoja, na yeye ndiye aliyepikwa. Nani mwingine? Mtu aliyefungwa mara moja hahitaji ushahidi mara ya pili.

Mkono wake ulitaka kuivaa ile bangili. Ulitaka kuivunjia kioo. Kisha akairudisha ndani ya kiatu, akaweka chaki juu yake, akafunga kabati. Akakaa sakafuni katikati ya chumba, mikono magotini.

SAA 4:24.

Wanawake walikuwa wamelifuata boza; getini kulikuwa na ndoo arobaini. Madumu, beseni, sufuria.

"Mkimaliza kwa mzee mtuuzie na sisi, kaka," alisema Joha, mama mnene mwenye kitenge cha njano.

"Hayapo, mama," Lameck alijibu. "Yamekwisha."

"Yamekwisha lini? Pampu inanguruma sasa hivi!"

"Mama, tupisheni."

Joha akazungusha koki ya boza. Hata tone. Akagonga tangi kwa ngumi. Likalia wazi, tupu. "Jamani! Wamekuja kupampu upepo!"

Batholomeo alirukia kiti cha mbele kando ya Lameck, kiroba mapajani. "Rudisha nyuma!"

"Kuna watu nyuma."

"Wakanyage!"

Lameck aliangalia kioo. Wanawake wawili walikuwa wamekaa juu ya madumu yao, nyuma ya tairi. Akazima injini.

"Siwezi, Batho. Mama za watu hao."

Batholomeo akampiga kiwiko cha pua, akaruka chini, akakimbia. Ndoo ya bati ilimpata kisogoni. Akaanguka kwenye mtaro, paji likapasuka, kiroba kikamwagika vumbini. Wanawake wakamkalia.

SAA 4:31.

"Mama Joha! Huku, dirishani!"

Joha akachungulia kati ya nondo. Akamtambua.

"Emiliana? Wewe tena?"

"Mimi tena. Nimekuja nao, sikatai. Ila simama hapo, uitazame mikono yangu. Usiondoke mpaka polisi wafike."

"Siku ulipokamatwa nilikutemea mate."

"Najua. Leo nitazame."

Joha akazishika nondo kwa mikono miwili. Hakuondoka.

SAA 4:43.

Mlango ukafunguliwa, mzee Octavian akaingia mbele ya polisi, shati limepigwa pasi, akinyoosha kidole kilekile.

"Ndiye huyo! Mpekueni! Aliiba bangili yangu ya chui, leo karudia!"

Askari wa kike akampekua. Hakukuwa na kitu.

"Hajainuka hapo, afande," Joha alisema kutoka dirishani. "Nimemkodolea macho tu."

Toka mtaroni Batholomeo alipiga kelele, damu machoni: "Muulizeni yeye! Ufunguo kanipa nani?"

"Muongo!" Octavian alifoka.

"Mzee," Emiliana alisema, "vaa viatu vyako vyeusi."

"Upuuzi gani huu?"

"Vaa kimoja tu. Cha kushoto."

Octavian hakusogea. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Afande akamtazama, akalitazama kabati.

"Si uvae tu, mzee?"

Afande mwenyewe akafungua kabati, akakipindua kiatu. Chaki ikaanguka, ikavunjika. Kisha chui akagonga vigae, kwa mlio wa kitu kizito.

"Miaka miwili," Joha alisema taratibu. "Miaka miwili ya binti wa watu, ndani ya kiatu!"

Emiliana akanyoosha mikono. "La leo nimo, afande. Andika. Na la bangili andika, kisha uwasomee majirani hawa kwa sauti."

Afande aliandika. Akawasomea, neno kwa neno. Kisha akatafuta pingu. Jozi mbili zilikuwa zimeishia getini kwa Batholomeo na Lameck, ilibaki moja. Akamfunga Emiliana mkono wa kulia. Upande wa pili akamfunga mzee Octavian.

"Afande, mimi na huyu?" mzee alipayuka.

"Tembea," alisema Emiliana, akaivuta pingu.